Eliya Alikula, Akalala
Somo: 1 Wafalme 19:1-9

Wapendwa, moto umeshuka Karmeli juzi tu, na sasa Eliya yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia aongeze maombi. Alimpa mkate na maji. Eliya akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu.

Nasema hivi kwa sababu tuko na akina mama hapa kanisani ambao wamenyamaza tangu wazike, na sisi tunawauliza mbona hawaji kwenye kesha. (Kesha naipenda sana, msinielewe vibaya.) Wiki hii, kabla hujamwekea mama kama huyo mikono, mpelekee unga na mboga, umpikie. Mshikie mtoto alale. Akitaka kuongea, ataongea.