Glavu Ziwe za Mwisho

Ukipita Keko, wilayani Temeke, unausikia msumeno kabla hujayaona makabati. Karakana nyingi ni za watu wanne watano tu: bosi, mafundi na kijana anayejifunza kazi. Bosi ukimuuliza habari za usalama, mara nyingi atakuonyesha glavu. Nakuomba, bosi, glavu ziwe za mwisho.

Anza na mashine. Simama pembeni umwangalie kijana wako akipasua ubao wa mninga. Ubao ukikaribia kuisha, vidole vyake viko wapi? Hapo ndipo vidole vinapokatika. Kinga yake ni masalia ya mbao: chonga kipande cha kama sentimita 30, kitie pengo mbele, kikae mezani siku zote. Mwisho wa ubao usukumwe kwa hicho, si kwa mkono. Kikiliwa na msumeno, chonga kingine. Kile kifuniko cha bledi mlichokifungua kwa kuwa kinachelewesha kazi, kirudisheni leo. Na kwenye bledi inayozunguka asivae mtu glavu: jino likinasa kitambaa, linavuta mkono wote. Wakati wa kubadilisha bledi, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, mwenzako anaweza kuiwasha bila kujua.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Msasa upigwe nje, upepo ukitoka mgongoni. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na msijipulize nguo kwa kompresa. Barakoa ije juu ya hayo, isiwe badala yake.

Tina na vanishi zikae mbali na jirani anayechomelea. Cheche haziulizi mpaka. Weka ndoo za mchanga mlangoni, na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani kwa rangi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inakuhusu hata ukiwa na mafundi wawili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umekuwa ukipokea michango ya waajiri tangu 2015. Jisajili. Fundi akiumia, toa taarifa huko. Usimalizane naye kwa elfu hamsini ya dawa.