Cheni si Kamba ya Ngamia

Asubuhi moja ya jilaal, msimu wa kiangazi, niliikaza cheni ya boda yangu mpaka ikawa ngumu kama waya. Nikafunga nyuma madumu mawili ya maziwa ya ngamia, lita 20 kila moja, nikatoka upande wa Habaswein kwenda Wajir mjini. Katikati ya njia cheni ikakatika. Lori lilipokuja kunibeba, maziwa ya watu yalikuwa yameshachacha. Fundi mzee aliyenifungia nyingine aliniambia, "Adeer, cheni si kamba ya kufungia mzigo wa ngamia. Iachie nafasi."

Nimelishika neno lake. Mzigo ukikaa, springi za nyuma hushuka na tairi husogea mbali kidogo na sproketi ya mbele. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu haina tena pa kwenda; inakula beringi na meno. Siku hizi nazima injini, nasimamisha boda kwa stendi kubwa, gia nyutro, kisha naisukuma cheni ya chini kwa kidole, juu na chini. Icheze sentimita 2 hadi 3. Nazungusha tairi polepole nikipima tena, kwa sababu cheni iliyotumika haikazi sawa kote. Kipimo changu ni pale inapokaza zaidi.

Nalegeza nati ya ekseli, halafu nazungusha nati za kurekebishia robo kwa robo, kushoto sawa na kulia, macho kwenye alama zilizochongwa pande zote mbili. Tairi likienda upande, meno yataliwa ubavuni. Nikishakaza ekseli napima upya, na breki ya nyuma pia naiangalia, maana tairi limehama.

Lakini adui wetu hasa ni mchanga. Vumbi jeupe la Wajir likikutana na oili chafu ya injini linakuwa msasa, nami kwa miaka niliimwagia cheni oili hiyo hadi ikadondoka! Sasa naisugua kwa brashi na mafuta taa, naifuta ikauke, natia matone machache ya oili safi ya gia upande wa ndani, jioni. Asubuhi nafuta yote iliyobaki nje. Oili iliyoingia kwenye pini ndiyo inayofanya kazi.

Klipu ya kiungo cha cheni nayo, upande uliozibwa uelekee inakokwenda cheni. Na meno yakishapinda kama ndoana, usinunue cheni peke yake. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili.