Keti Kwanza, Upige Hesabu: Somo kwa Muuguzi Anayetaka Kutumika Mbali

Maandiko ya kusoma: Luka 14:28-30, Nehemia 2:1-8, Marko 7:9-13

Jumapili iliyopita tulimwangalia yule mjenzi wa mnara ambaye Bwana anasema ni lazima aketi kwanza apige hesabu, asije akaishia kwenye msingi na majirani wakamcheka. Wiki hii nataka tulichukue neno hilo tuliweke juu ya jambo moja ambalo liko katikati yetu.

Binti mmoja wa ushirika wetu wa Ruiru yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi pale KMTC Thika. Wenzake wanazungumza Uingereza na Ghuba. Yeye anasema Mungu amempa mzigo wa kujitolea: Sudan Kusini, Kongo, popote wagonjwa walipo wengi na wauguzi ni wachache. Anataka hiyo ndiyo iwe kazi ya maisha yake, si safari ya mara moja. Baba yake aliuza kipande cha shamba kulipa karo. Mzee aliniambia, "Pasta, mimi nilisomesha muuguzi. Sikusomesha mmishonari."

Wameniruhusu wote wawili kuliandika hili, kwa sababu najua si nyumba yao peke yake. Je, binti anakosea? Je, mzee hana imani? Mimi naona wote wawili wanauliza swali moja: ni nani atalipa?

1. Wito hauondoi hesabu

Msome Nehemia tena. Alilia, akafunga, akaomba. Lakini mfalme alipomuuliza safari yake itachukua muda gani, hakusema "Roho ataniongoza." Alitaja muda. Akaomba barua za kupita njiani, akaomba na miti ya malango. Kumbe wakati wa maombi alikuwa pia anapanga! Mtu wa maombi akiulizwa tarehe, anakuwa na jibu.

2. Kwanza uwe muuguzi kamili

Kujitolea si njia ya mkato ya kujifunza kazi. Diploma, mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, usajili na leseni vinatangulia. Halafu uzoefu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, kwa mfano, kwa kawaida hutaka muuguzi awe amefanya kazi angalau miaka miwili kabla ya kumtuma nje ya nchi yake. Si kuwabagua vijana. Kule utakuta wodi imejaa, dawa ni za kuhesabu, na hakuna dada mkubwa wa kumuuliza.

Mkumbuke Ebola. Ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, Umoja wa Afrika uliita wahudumu wa afya wa kujitolea, na mwanzoni mwa 2015 Wakenya walikwenda Liberia na Sierra Leone. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 11,000, na kati yao walikuwemo wauguzi wengi. Mahali kama hapo, moyo mwema usio na ujuzi ni mgonjwa mwingine wa kuongeza kitandani.

Kwa hiyo miaka miwili ya kwanza si ya kupoteza. Wodi ya uzazi na ya watoto, hapa Thika Level 5 ama hospitali ya misheni kama Kijabe, ni shule ya Juba. Siku zako za mapumziko, kuna kambi za matibabu Kiandutu. Kama huwezi kujitolea Kiandutu, utajitoleaje Goma? Na ujifunze lugha. Kiswahili chetu kitakufikisha mashariki mwa Kongo, ingawa cha kule kina ladha yake, lakini ripoti za hospitali ni kwa Kifaransa. Anza Kifaransa sasa.

3. Jua nani analipa nini

Neno "kujitolea" lina maana tatu mfukoni, na usipozitenganisha utalia.

Kuna mahali unajilipia. Mercy Ships, huduma ya Kikristo iliyoanza 1978 na ambayo meli zake za hospitali hufanya upasuaji bila malipo katika bandari za Afrika, huwataka wanaojitolea wajilipie nauli na gharama zao nyingine. Wengi huchangiwa na makanisa yao.

Kuna mahali unapewa posho ya kujikimu. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Watu wa Kujitolea uko hivyo. Posho ni ya kuishi, si ya kujenga.

Na kuna mahali unalipwa mshahara wa kiasi, kama kwa Madaktari Wasio na Mipaka.

Zaidi ya hao wako matapeli. Mtu akikuambia utume pesa kwa namba yake ya simu ndipo jina lako liingie kwenye orodha, kimbia. Na ajenti akikuahidi kazi ng'ambo, tafuta jina lake kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

4. Usimwambie baba yako "Korbani"

Katika Marko 7, Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao. Ibada ilikuwa imegeuzwa pazia. Binti aliposoma mistari hiyo, alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Basi nionyeshe hesabu, Pasta."

Tulichukua karatasi. Tuseme atafanya kazi miezi 24, na kila mwezi anaweka 8,000 kwenye Sacco. Hiyo ni 192,000. Kisha atatoka miezi tisa. Nyumbani atume 5,000 kila mwezi: 45,000. Mkopo wa HELB, tuseme 4,000 kwa mwezi: 36,000. Akirudi, miezi mitatu ya kodi na chakula akitafuta kazi, 25,000 kwa mwezi: 75,000. Jumla 156,000. Zinabaki 36,000 za pasipoti, cheti cha tabia njema, chanjo ya homa ya manjano na dharura. Shirika likilipa tiketi, inawezekana. Asipolipiwa, aongeze miezi ya kuweka akiba ama aje mbele ya kanisa.

Akirudi anafanya kazi tena, anaweka akiba tena, anatoka tena. Hivyo ndivyo kujitolea kunavyoweza kuwa maisha. Mtume Paulo alishona mahema.

Mzee aliisoma ile karatasi mara mbili. Akauliza, "Na akirudi, nani atamwandika?" Swali zuri kabisa. Jibu: asiache leseni iishe, aulize mwajiri kuhusu likizo bila malipo kabla ya kusaini mkataba, na asitoke kule bila barua ya kazi aliyoifanya. Mzee hajasema ndiyo. Amesema ataitunza karatasi.

5. Kwa wazazi, na kwa sisi kanisa

Mzazi, nakuheshimu. Shamba halirudi. Una haki ya kuuliza. Lakini mtoto si ploti ya kupangisha, kwamba kila tarehe tano lazima ilete kodi. Mwambie kiasi unachohitaji kweli, ili naye apange.

Na kanisa, tusipige makofi tu wakati wa kumwekea mtu mikono. Tunachanga harusi, tunachanga mazishi, kamati inakaa na daftari linatembea. Tuna daftari la anayetumwa? Tutampigia simu mwezi wa sita, akiwa amechoka na amezika watoto wa watu? Nani atamtembelea mama yake Ruiru?

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Nehemia aliomba vitu gani hasa kwa mfalme? Wewe ungeomba vipi kwa safari yako?
2. Ni wapi katika maisha yako umetumia jina la Mungu kukwepa jukumu la nyumbani?
3. Andika hesabu ya jambo moja unaloamini umeitiwa. Ilete wiki ijayo.

Tuombe

Baba, wape vijana wetu mzigo wako, na uwape na subira ya kuketi wapige hesabu. Wape wazazi wetu amani. Utufanye kanisa linalotuma na kutunza. Katika jina la Yesu. Amina.