CHIKANDA: JE, INAONGEZA DAMU?

Leo tunazungumzia chikanda, chakula kinachojulikana hapa Tunduma na ng'ambo ya mpaka, Zambia. Hutengenezwa kwa viazi vya okidi, mimea ya porini yenye maua mazuri ambayo wengine huitumia pia kama dawa. Viazi hukaushwa na kutwangwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi mpaka ugande kama mkate.

Wapo wanaosema mizizi hii ina madini mengi, hivyo huongeza damu. Je, ni kweli?

Mmea hunyonya madini kutoka udongoni, kwa hiyo kila mzizi huwa nayo kiasi: potasiamu, kalisi, hata chuma. Lakini kiazi cha okidi, kwa sehemu kubwa, ni wanga na ute unaokifanya chakula kigande. Tena chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Kumbuka pia kwamba damu hupungua kwa sababu ya malaria na minyoo, na hayo chikanda haiponyi.

Magadi nayo ni madini. Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya kupikia kina sodiamu ipatayo miligramu 1,200. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu ajihadhari.

Basi mama mjamzito afanye nini?

1. Awahi kliniki, apimwe damu, na ameze vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kama alivyoelekezwa.
2. Ale maharage, mboga za majani, dagaa au nyama, pamoja na chungwa au pera.
3. Alale ndani ya chandarua.
4. Akichoka mno, akihema au kuona kizunguzungu, asingoje, aende zahanati.

Jambo la mwisho: anayechimba kiazi huua mmea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, huyalinda maua haya. Tule chikanda kwa kiasi, kama chakula. Tiba ya damu tuifuate kliniki.