Nani Anasimulia? Usomaji wa Nyaraka na Picha za Kale Kuhusu Abagusii

Utangulizi

Mwanafunzi atokaye Kebirigo, kituo cha biashara kilichozungukwa na mashamba ya majani chai katika Kaunti ya Nyamira, akitaka kusoma yale waliyoyaandika watawala wa Kiingereza kuhusu mababu zake, safari yake humfikisha Nairobi. Huko, katika jengo lililokuwa benki hapo zamani, ndiko iliko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Humo mna ripoti za wilaya, barua na picha za tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huziachia Idara ya Historia. Makala haya yanashikilia kwamba nyaraka hizo nazo ni matini: zina msimulizi, wahusika na ukimya, na kwa hiyo zinahitaji jicho la mhakiki wa fasihi.

Tukio moja, masimulizi mawili

Mnamo Januari 1908, shujaa wa Kigusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki G.A.S. Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa na makao yake Kisii. Northcote alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong kati ya 1937 na 1941. Abagusii hawakusamehewa. Vijiji vilichomwa, mifugo ikatwaliwa na watu wengi wakauawa.

Katika lugha ya serikali ya wakati huo, mashambulizi ya namna hii yaliitwa misafara ya adhabu. Mhakiki hana budi kulitazama neno hilo kwa makini. Adhabu hutanguliwa na kosa. Kwa hiyo anayelikubali neno hilo amekwisha kumhukumu Mgusii kabla ya kumsikiliza. Mkuki wa Otenyo unakuwa mwanzo wa hadithi, ilhali mashambulizi ya mwaka 1905 dhidi ya watu hao hao yanasukumwa nyuma ya pazia.

Fasihi simulizi ya Abagusii huanzia kwingine. Humo anayetangulia ni Moraa Ng'iti, mwanamke mtabiri na mganga aliyewahimiza vijana kuupinga utawala wa kigeni. Afisa yule naye hupoteza jina lake la Kiingereza na kuitwa Nyarigoti, jina lililofinyangwa kufuata matamshi ya Ekegusii. Wazee husimulia pia kwamba Otenyo alikatwa kichwa na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza. Katika masimulizi haya, vita havijaisha, kwa kuwa maiti haijazikwa ikiwa kamili.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba maandishi yote ya serikali yanasema kwa sauti moja. Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni mwaka 1908, aliposoma taarifa za Kisii alihoji kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua kwa wingi watu wasioweza kujitetea. Hapa karatasi ya dola inamshuhudia mwathiriwa dhidi ya dola yenyewe.

Picha zisizo na majina

Picha nazo zina nafsineni, yaani yule aliyesimama nyuma ya kamera. Katika picha nyingi za kikoloni za Afrika Mashariki, Mzungu hutajwa kwa jina na cheo, na Mwafrika hutajwa kwa kabila lake tu. Msomaji anapaswa kujiuliza: Nani kapanga watu hawa? Nani kaketi na nani kasimama? Nani kaandika maelezo, na kwa lugha gani?

Yapo pia maandishi ambayo hayakuachwa nchini. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, Waingereza walihamisha faili nyingi. Kuwapo kwa takribani faili 1,500 za Kenya kulikubaliwa hadharani mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London. Kumbe hata ukimya wa hifadhi huweza kutungwa.

Hitimisho

Walioyaona ya 1908 wamekwisha kufariki, na waliosimuliwa nao wanazidi kupungua. Yafaa basi nakala za picha na ripoti zirudishwe Kebirigo na vijiji jirani, zisomwe mbele ya wazee, na maelezo yao yarekodiwe kwa Ekegusii na kufasiriwa kwa Kiswahili. Huenda mmoja wao akamtambua babu yake katika sura isiyo na jina. Kazi hiyo haihitaji mwanahistoria peke yake. Inamhitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza usimulizi na kutafsiri. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa.