Mwili Wako Nao Unasema



Vijana wapendwa, leo tujifunze jambo ambalo wengi hatulipi uzito tunapotafuta ushauri: kuusikiliza mwili.

Ninapowasindikiza vijana, mmoja mmoja, jibu ninalolisikia sana ni "niko poa". Lakini mabega yamepanda, vidole vinasokotana, pumzi ni fupi. Mdomo umejibu, mwili bado. Binti mmoja (ameniruhusu nisimulie) alikuwa akinieleza mipango ya harusi yake. Nikamuuliza: "Ukiitaja hiyo siku, mwilini unasikia nini?" Akasema, "Kifua kinabana." Tukanyamaza kidogo. Ndipo akatoa la moyoni: ndugu ndio wanaoharakisha, yeye hajawa tayari. Afadhali hilo lisemwe kabla ya altare kuliko baada yake.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya amemkimbia Yezebeli, amechoka hadi anaomba afe. Mungu hamkemei. Eliya analala, malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Analala tena, anaamshwa tena ale. Baada ya hapo ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu, na huko anaisikia sauti ya Mungu. Kumbe kuna wakati tunadhani tumeishiwa imani, kumbe tumeishiwa usingizi!

Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye aliliona hili. Katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichochapwa mwaka 1548, anafundisha kusali kwa kupiga magoti, kulala kifudifudi au chali, kukaa au kusimama. Ukipata unachokitafuta katika mkao mmoja, tulia hapo hapo.

Ila tuelewane: mwili ni shahidi, si hakimu. Tumbo likivurugika kabla ya mtihani, si kwamba Mungu anakukataza kuufanya. Na maumivu yasiyoisha, au kukosa usingizi siku nyingi, hayo peleka hospitali huku ukisali.

Zoezi la wiki hii, kabla ya kukutana na mlezi wako:

1. Kaa, miguu ikanyage chini, vuta pumzi taratibu.
2. Jipitie kutoka kichwani hadi miguuni. Wapi pamekaza?
3. Taja jambo moja linalokusumbua. Mwilini kumebadilika nini?
4. Mwambie Yesu ulichokiona, kisha mwambie mlezi wako hicho hicho, bila kukipamba.

Swali la kutafakari: ni jambo gani mdomo wako unalijibu "niko poa", na mwili wako unakataa?

Tuombeane.