Kabla ya kuangua artemia, otesha maji ya kijani

Kuangua artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyolishwa vifaranga wa samaki, hakukusumbui. Maji ya chumvi, hewa, mwanga, joto la nyuzi 25 hadi 28, na ndani ya saa 18 hadi 24 ndoo imejaa watoto wa rangi ya chungwa. Shughuli inaanza wakishaanguliwa. Kwanza hawali kabisa, wanaishi kwa kiini cha yai. Baada ya saa 8 hadi 12 wanajivua ngozi na kuanza kula. Wasipopata kitu, wanakula akiba ya miili yao, na kufikia kesho yake wamepoteza kama robo ya nguvu yote waliyozaliwa nayo. Ukiwapa vifaranga wako wa kambale artemia wa namna hiyo, umewapa mlo hafifu.

Kwa hiyo tayarisha chakula kwanza. Chakula chenyewe ni maji ya kijani, yaani mwani wa seli moja usioonekana kwa macho. Uanze kuuotesha wiki moja au zaidi kabla ya kufungua kopo la mayai.

Mbegu ichague kwa jina. Mimi ningeanza na Dunaliella. Seli yake haina ukuta mgumu, kwa hiyo artemia anaisaga bila shida, na inastahimili chumvi na joto la pwani. Ndiyo inayoota yenyewe kwenye mabwawa ya chumvi, mazingira yale yale anayoyapenda artemia. Kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi, ambako artemia walipandikizwa miaka ya 1980, wanaendelea kuzaliana bila kulishwa na mtu. Ukikosa Dunaliella, tafuta Tetraselmis. Chlorella na Nannochloropsis zinaota upesi na ni rahisi kupatikana, lakini kuta zao ni nene na artemia anazitoa zikiwa karibu nzima. Ulizia mbegu kwenye vituo vinavyototolesha kamba au samaki wa baharini, maana kazi yao haiendi bila mwani huu.

Usichote maji ya kijani ya dimbwi ukafikiri umeokoa pesa. Utakuwa umechota na wadudu wanaoula huo mwani.

Vyombo ni chupa nne za maji za lita moja na nusu, safi na zinazopitisha mwanga. Pampu ndogo ya akwariamu itakutosha. Ingiza mrija mtupu hadi chini ya chupa, bila kijiwe cha kutoa hewa. Mapovu makubwa yanakoroga vizuri, mapovu madogo yanaleta povu juu na mwani unanata humo.

Sasa maji, na hapa usiharakishe. Chuja maji ya bahari kwa kitambaa kizito, kisha kwa kila lita 10 weka kijiko kimoja cha chai cha Jik isiyo na manukato. Koroga, funika, acha siku nzima. Siku inayofuata yafunue, weka hewa kwa nguvu mahali penye mwanga hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Pua inadanganya, kwa hiyo pima kwa vile vipande vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea. Mbolea usiiweke kabla klorini haijaisha. Ikikutana na amonia ya mbolea inatengeneza sumu inayokaa majini muda mrefu, na mbegu yako itakufa usijue kwa nini.

Mbolea ni ile ile ya duka la pembejeo. Katika lita moja ya maji safi yeyusha gramu 100 za SA (salfeti ya amonia), gramu 15 za TSP (mbolea ya fosfati) na gramu 5 za urea. Twanga TSP kwanza, acha mchanganyiko utulie, kisha mimina maji ya juu kwenye chupa yake. Tumia mililita moja kwa kila lita ya maji ya bahari. Usizidishe.

Jaza kila chupa kwa sehemu moja ya mbegu na sehemu nne za maji. Iweke karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, lakini jua la mchana lisiipige moja kwa moja, maana chupa ndogo inapata moto haraka. Taa nyeupe ya LED nayo inafaa, saa 16 kwa siku.

Baada ya siku nne hadi saba kijani kinakolea. Shika chupa uweke vidole nyuma yake. Usipoviona, vuna. Toa theluthi moja, rudishia maji mapya yenye mbolea. Wakati wote bakiza chupa moja usiyoivuna, na nyingine ndogo ndani ya friji, kifuniko kikiwa kimelegea. Mwani huwa unaanguka ghafla: rangi inageuka manjano, matope yanatulia chini, harufu inabadilika. Ukiona hivyo mwaga, osha, anza upya na ile ya akiba. Usijaribu kuuokoa.

Ndoo ya artemia ikae mbali na chupa hizi, na kila upande uwe na mrija na kikombe chake. Artemia wachache wakiingia kwa tone la maji wanaweza kuimaliza chupa.

Kulisha ni kwa jicho. Mimina mwani hadi maji yawe ya kijani hafifu. Yakibaki vile vile hadi kesho, umezidisha. Yakiwa meupe ndani ya saa chache, artemia ni wengi mno, na hilo ni kosa la kawaida kwa sababu gramu moja ya mayai mazuri inatoa watoto zaidi ya laki mbili. Kwa ndoo ya lita 20, mayai ya kubanwa kwa vidole viwili yanatosha. Chota wachache kwenye glasi, inua kwenye mwanga. Aliyeshiba ana uzi wa kijani kuanzia kichwani hadi mkiani. Ukiona miili mitupu inayopitisha mwanga, ongeza chakula saa hiyo hiyo.

Siku mwani ukipungua, saga pumba laini za mchele ndani ya maji ya chumvi, chuja kwa kitambaa cha uzi wa karibu sana, wape maji yake tu. Hamira pia wanaila, ila inachafua maji haraka, kwa hiyo iwe kidogo sana.

Ukiwalisha vizuri wanakomaa kwa kama wiki mbili, urefu wa milimita 8 hadi 10. Kabla ya kuwapa samaki wa maji baridi, wasuuze kwenye chujio. Wape kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Hawadumu saa nyingi nje ya chumvi, na wakifia kwenye maji ya vifaranga wataoza na kuyaharibu.